Hesabu ya Kikohozi cha Bibiana

Kila alipoingia mahali, Bibiana Komba alitafuta kwanza mlango wa kutokea. Kanisani alikaa benchi la mwisho. Msibani alikaa ukingoni mwa jamvi, kandambili zake zikiwa karibu, zimeelekezwa njiani. Hata siku ya harusi ya Loveness, binti yake wa pekee, padri alipokuwa akiwafungisha ndoa, yeye alikuwa nje ameshika ukuta wa kanisa, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Aliporudi ndani alikuta watu wanapiga vigelegele. Akapiga na yeye kidogo, kwa uangalifu, maana kigelegele nacho kilikuwa kinamchokoza koo.

Kikohozi hicho kilikuwa na umri wa miaka tisa. Kilianza na mafua ya kawaida, ya siku nne tano. Mafua yakaisha, kikohozi kikabaki. Kilikuwa kikavu, hakina kohozi wala damu. Kila mara kilianza na mwasho mdogo kooni, kama vile unywele umekwama, kisha kikamshika mfululizo, mara nane, mara kumi, mpaka anainama na kushika magoti. Hakikujulikana kilichokichokoza. Leo marashi ya mtu aliyepita, kesho chai ya moto, keshokutwa kicheko chake mwenyewe, na siku nyingine hakuna kitu kabisa.

Watu walisema ni vumbi la mkonge, na hawakusema bure. Bibiana alizaliwa kambini, kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza, ambako baba yake aliletwa kutoka Songea enzi za manamba kwa mkataba wa kukata mkonge, mkataba ukaisha na yeye asirudi. Akiwa na miaka ishirini na miwili, Bibiana aliingia chumba cha brashi, mahali ambapo singa za mkonge zilizokauka hupitishwa kwenye mashine zikang'aa kabla ya kufungwa marobota. Alikaa humo miaka kumi na sita, kitambaa puani, nywele nyeupe kwa vumbi kila jioni kama bibi kizee. Lakini humo chumbani hakukohoa kushinda wenzake. Walikwisha kuhamia mjini, mumewe Ernesti amekwisha kufungua kibanda chake cha kutengeneza baiskeli pale Nguvumali, na miaka mingine sita imepita juu yake, ndipo kikohozi kilipokuja. Daktari mmoja alipomuuliza habari za kazi na kusikia hesabu hiyo, alikuna kidevu akasema huenda ni vumbi na huenda si vumbi.

Alipimwa kifua kikuu mara saba. Mara saba wakamhangaisha atoe makohozi ambayo hana, na mara saba majibu yakatoka kwamba hana ugonjwa. Alipigwa picha za kifua pale hospitali ya Bombo, mapafu yakaonekana safi. Vyeti vyote alivihifadhi kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Hakuna aliyewahi kuomba kuviona.

Zamani alikuwa anauza vitumbua. Ulipokuja mwaka wa korona, wateja walipungua mmoja mmoja bila kumtukana mtu. Mwingine alisema ameacha mafuta, mwingine alipita njia ya nyuma. Bibiana akazima jiko lake akaanza kutembeza mashuka ya mtumba. Kazi hiyo ilimfaa. Mtu anayetembea huku anakohoa, kikohozi chake kinabaki njiani na yeye yuko mbele. Alitoka Nguvumali akaenda Makorora, akakata Mikanjuni, akazunguka Mabawa, akarudi jua linapozama na miguu imejaa vumbi. Hata akiwa nyumbani hakutulia. Alisimama akakaa, akatoka uani akarudi, akaonja mchuzi ambao alikwisha kuuonja. Kukaa kimya mahali pamoja kulimfanya alisikilize koo lake, na akilisikiliza tu, linawasha.

Kulala pia alikwisha kuhama. Miaka sita iliyopita, baada ya majuma mawili ambayo kikohozi kilimkamata kila alipoweka kichwa kwenye mto, alichukua shuka lake akaenda kulala sebuleni kwenye kitanda cha kamba, ili Ernesti apate usingizi na asubuhi aweze kushika spana. Ernesti ni mtu wa maneno machache. Alimtazama akiondoka na shuka, na mpaka leo hawakuwahi kulizungumza.

Basi Loveness akapata ujauzito, wa kwanza. Alikuwa anaishi Mabawa kwa wakwe zake, pamoja na mumewe Lucas na mama yake Lucas, Anastazia, mjane wa Kisambaa kutoka milimani, Mlutheri mwenye msimamo na nyumba safi kupindukia. Bibiana alikwisha kujipanga. Alinunua mabeseni mawili, akatafuta majani ya kumkandia mzazi, akawaambia wateja wake kwamba kwa siku arobaini wasimtafute. Wakati mimba ina miezi saba Loveness alimpigia simu, akazunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Mama mkwe amesema uzazi atausimamia yeye. Mama Bibiana anakaribishwa kuja kumwona mtoto, ila mtoto akishakua kidogo, akishafikisha miezi mitatu.

Bibiana alijibu kwamba hakuna neno. Akakata simu, akatoka nje, akatembea mpaka barabara kuu iendayo Horohoro, akasimama pale malori yanapopita, akarudi. Hakuwa na shughuli yoyote huko.

Juma lile lile, nesi mmoja anayemfahamu alimwambia kuna mradi wa utafiti umepanga nyumba Chumbageni, wanatafuta watu wenye kikohozi cha muda mrefu. Hawaulizi kama unakohoa sana au kidogo, alisema, wana kifaa kinachohesabu. Bibiana hakulala vizuri kwa kufikiria neno hilo. Kwa miaka tisa amekuwa akiulizwa, "Unakohoa mara ngapi kwa siku?" na jibu lake siku zote lilikuwa, "Sana." Waliomuuliza waliandika kitu kifupi wakaendelea. Sasa aliona kama amepata shahidi. Namba ikitoka, hakuna tena wa kumwambia anajiendekeza, na daktari atalazimika kutafuta ugonjwa wenyewe na kuutaja jina, na jina hilo ataondoka nalo kulipeleka Mabawa.

Aliyempokea Chumbageni alikuwa binti mmoja wa Pangani aliyeitwa Asmahani, mwenye sauti ya taratibu. Alimwamkia shikamoo, akamkalisha karibu na dirisha bila kuombwa, akamweleza kila kitu. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo kama kiberiti, kinaingia kwenye mkoba wa kuvaa kiunoni. Waya mmoja unabandikwa kifuani kwa plasta, mwingine una kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye ukosi wa gauni. Kitarekodi saa ishirini na nne. Kompyuta itachuja sauti zinazofanana na kikohozi, halafu Asmahani mwenyewe atavaa spika za masikioni na kusikiliza kila moja, athibitishe ni kikohozi, na ni cha nani. Mazungumzo hayatahifadhiwa. Kama kuna kipande ambacho hataki kisikilizwe, aseme, kitafutwa mbele yake.

"Ishi kama siku zote tu, mama," alimwambia. "Usijizuie, wala usijilazimishe."

Bibiana alitia saini, akatoka Chumbageni saa tatu asubuhi akiwa amevishwa kifaa. Na kikohozi kikagoma.

Alifika kituoni hajakohoa. Akashuka, akatembea mpaka nyumbani, koo limetulia kama la mtoto mchanga. Alichukua mashuka akaanza mzunguko wake, na kwa saa nzima alikohoa mara mbili, tena vikohozi vya kusafisha koo tu, kama mwalimu anayetaka wanafunzi wanyamaze. Hofu ikampanda. Aliona namba inatoka kumi, kumi na tano. Akamwona Asmahani akimtazama kwa huruma. Akamsikia Anastazia akisema, si mnaona, alikuwa anajikoholesha. Akageuza njia kwenda kwa Mama Sele, jirani yake anayekaanga samaki, akaomba kukaa jikoni. Mama Sele alikuwa amemwaga pilipili kwenye mafuta. Moshi ulimtoa machozi Mama Sele mwenyewe, mpaka akauliza kama mgeni wake ana neno la kusema au amekuja kuonja. Bibiana alikohoa mara tatu. Akashukuru, akaondoka.

Saa tano ilipopita kidogo alikuwa peke yake chumbani, mlango umefungwa, amesimama katikati ya mabeseni mawili ya uzazi. Akaanza kukohoa kwa makusudi. Alikohoa akihesabu moyoni, akipumzika, akirudia, mpaka mbavu zikauma. Alipofika thelathini na nane alisikia miguu ya mtu uani, akaacha. Akaketi kitandani, uso umemwaka kwa aibu, kidole kimeshika kile kipaza sauti kidogo kwenye ukosi kana kwamba anaweza kukirudishia kimya chake.

Mchana kikohozi chenyewe kikaja, tena kikaja na fidia. Kilimkamata dukani, kikamkamata mezani, kikamkamata anapozungumza na Ernesti habari za mpira wa baiskeli. Wakati wa kulala, sebuleni, kilimkunja muda mrefu. Lakini hayo hayakumfariji. Alikuwa anawaza zile thelathini na nane.

Majibu alipewa baada ya siku tisa. Asmahani aliweka mezani karatasi yenye mchoro wa vinguzo ishirini na vinne, kila kinguzo saa moja, vingine virefu, vingine vifupi. Chini iliandikwa namba: mia sita na nne.

Bibiana aliitazama namba hiyo, akaona inamtazama. Ilikuwa kubwa kuliko alivyothubutu kutumaini, na badala ya kufurahi alianza kutapatapa kwenye kiti. Alisimama akaenda dirishani, akarudi, akasema kwamba si mia sita na nne. Akaeleza habari za chumbani, na za pilipili ya Mama Sele. Aliyasema yote akiwa amesimama, mkoba wake mkononi, tayari kufukuzwa.

Asmahani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kidole kwenye kinguzo cha saa tano.

"Hizi niliziona, mama," alisema. "Kikohozi cha kweli hakifanani hivi. Hizi zote zimekatwa kwa kisu kimoja. Thelathini na nane nilizitoa kabla ya kujumlisha. Mia sita na nne ni zako halali."

Ndipo Bibiana alipoketi. Asmahani alisema watu wengi hufanya hivyo siku ya kwanza, na wengine hufanya kinyume chake, wanajizuia mpaka wanakaribia kuzimia. Kisha akamwonyesha upande wa kulia wa karatasi, vinguzo ambavyo Bibiana hakuvitazama kwa sababu karibu havikuonekana. Tangu alipopata usingizi mpaka alipoamka, muda wa saa sita na nusu, alikohoa mara nne.

Bibiana alimwambia hapo pamekosewa. Yeye hukohoa usiku kucha. Ndiyo maana alihama chumba. Asmahani alisema amesikiliza mwenyewe. Kabla ya usingizi, ndiyo, kikohozi kilikuwa kingi, karibu mia moja. Lakini usingizi ulipomchukua, kikatulia. Kikohozi cha aina hii ndivyo kilivyo, mwenyewe akilala na chenyewe kinalala. Daktari wa mradi alipoingia aliendelea kueleza: mapafu hayana shida, ila mishipa ya fahamu ya kooni imekuwa na hasira, inapiga kelele kwa jambo dogo ambalo koo la mtu mwingine halilihisi. Pengine vumbi la zamani liliitayarisha, mafua yakaja kuiwasha, hawezi kuapa. Hakiambukizi. Kuna dawa ya kutuliza mishipa, kwa kiasi kidogo, na kuna mazoezi ya koo. Hakumwahidi kupona, alimwahidi kupungua.

Alikwenda nyumbani kwa miguu, kutoka Chumbageni mpaka Nguvumali, akapitiliza kwake mara mbili. Ernesti alikuwa kibandani amegeuza baiskeli kichwa chini, anazungusha gurudumu. Bibiana alimfunulia karatasi, akamwonyesha zile saa tupu.

"Wanasema nikilala sikohoi," alimwambia. "Mara nne tu."

Ernesti alilishika gurudumu likasimama. "Nilijua," alisema.

"Ulijua, ukanyamaza miaka sita?"

Mumewe alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kazi ambayo haikuhitaji muda wote huo. "Nilidhani umenichoka," alisema, "ukatafuta sababu isiyoniumiza."

Bibiana alitaka kucheka na kulia, akaishia kukohoa, na Ernesti akamshika mgongo pale pale barabarani mpaka kikapita. Siku hiyo alirudisha shuka lake chumbani. Kwa majuma ya kwanza wote wawili walilala vibaya, kila mmoja ukingoni kwake, kama wageni waliopangiwa chumba kimoja, wakiombana radhi kwa kugusana miguu.

Lakini namba haikutulia mahali ilipowekwa. Loveness, kwa furaha kwamba mama yake hatimaye ana jibu, alimweleza Lucas. Lucas akamweleza mama yake. Na ilipofika kwa Anastazia, maelezo yote yalikuwa yameanguka njiani, imebaki namba tupu. Mia sita kwa siku. Anastazia alipiga hesabu za vidole, akasema mtu anayekohoa mia sita kwa siku asisogee mlangoni kwake, si miezi mitatu, hata sita. Bibiana alipoyasikia alihisi kama ametoa shahidi mahakamani, na shahidi akaenda kusimama upande wa pili.

Na namba ilimharibia zaidi ya hapo. Alianza kujihesabu. Alihesabu akiuza, alihesabu akipika, akachanganya hesabu za mashuka na hesabu za vikohozi. Ilipofika adhuhuri alikuwa anajua yuko mia mbili na ngapi, na kujua kulimtia wasiwasi, na wasiwasi ulimkohoza. Asmahani alipomtembelea nyumbani kumfundisha mazoezi, alimkuta na punje za maharage za kuhesabia vikohozi, za upande wa kushoto na za upande wa kulia. Alimwomba azitie sufuriani azipike. Akamfundisha jinsi ya kumeza mate mwasho unapoanza, kuvuta pumzi kwa pua taratibu na kuitoa kwa midomo iliyobanwa, kupiga funda la maji badala ya kukohoa. Yaonekana mambo ya kitoto. Bibiana aliyafanya akitembea, maana akiketi hayakumwingia.

Mwezi wa nane wa mimba ya Loveness, Bibiana aliamua kwenda Mabawa mwenyewe. Alichukua ile karatasi, akachukua na mfuko wa nailoni wenye vyeti. Hakuingia ndani, aliomba kiti uani, chini ya kamba ya nguo. Anastazia alimletea kiti, akajiletea na chake, akakiweka mbali kidogo, hatua tano au sita. Akasoma vyeti vyote, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Akavikunja vizuri akavirudisha.

Akasema haamini kwamba Bibiana ana kifua kikuu, na hakuwahi kusema hivyo. Halafu, akiwa ametazama chini, akasimulia jambo ambalo Lucas mwenyewe hakulijua vizuri. Kabla ya Lucas alikuwa na mtoto mwingine, wa kike, kule Mlalo. Alipofikisha majuma saba, shangazi mtu alikuja kumwona, ana kikohozi kidogo tu, amembeba, amembusu. Baada ya siku kumi mtoto akashikwa na kifaduro. Alikuwa anakohoa mpaka anageuka rangi, kisha anavuta pumzi kwa mlio, kama jogoo anayejifunza kuwika. Alikohoa siku kumi na mbili.

"Sikukatai wewe, mama Loveness," alisema Anastazia. "Nakataa kuusikia ule mlio tena nyumbani kwangu."

Bibiana alimwambia kikohozi chake hakina mlio huo. Anastazia akajibu kwamba hawezi kujua, maana kila wanapokutana Bibiana hukimbilia nje. Ilikuwa kweli. Katika mwaka mzima wa ukwe wao, mama yule hakuwahi kumsikia akikohoa kwa karibu mpaka mwisho. Siku hiyo vilevile, kwa mazoezi na kwa hofu, koo lilikuwa limetulia. Bibiana angeweza kulilazimisha. Alikumbuka zile thelathini na nane, akaona heri aondoke.

Alifika kwenye kona, akasimama. Akarudi mbio mpaka Anastazia akadhani amesahau kitu. Akamwambia kwamba vikohozi vyake vyote viko Chumbageni, vimehifadhiwa, na kama mwenyewe akiruhusu, vinaweza kusikilizwa.

Walikwenda Jumanne. Asmahani alimuuliza Bibiana mara mbili kama kweli anaridhia, akamwandikisha, ndipo alipofungua kompyuta. Anastazia alikaa wima kwenye kiti, kitambaa cha kichwa amekikaza, mkoba magotini. Asmahani alimvisha spika za masikioni. Bibiana hakusikia kitu. Aliona tu uso wa mwenzake. Anastazia alifumba macho. Alisikiliza cha asubuhi, cha mchana, kile kirefu cha kabla ya usingizi ambacho kilichukua karibu dakika nzima. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Kila fungu la kikohozi lilipokaribia kwisha, aliinua kichwa na kukaza shingo, anangoja, kisha mabega yanashuka. Akaomba kirefu kirudiwe. Kikarudiwa. Bibiana alikuwa amesimama mlangoni, amemaliza chupa ya maji, anatoka na kuingia.

Hatimaye Anastazia alivua spika akazishika mkononi.

"Sicho," alisema. Akaziweka mezani. "Sicho kabisa."

Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta. Asmahani alimweleza kwamba sikio peke yake si kipimo, na kwamba wasiegemee hapo. Wategemee vipimo vya daktari, ambavyo ni safi. Akawaambia wote wawili kwamba mtu yeyote mwenye mafua mapya, awe bibi wa upande gani, akae mbali na mtoto mpaka apone. Anastazia aliitikia kwa kichwa mambo yote hayo. Lakini kilichomgeuza hakikuwa maelezo. Hilo Bibiana aliliona wazi.

Walitoka pamoja. Njiani kikohozi kilimkamata Bibiana mbele ya duka la vitambaa, na kwa mazoea akaanza kuondoka mbiombio. Anastazia akamfuata, akasimama kando yake, akangoja kiishe. Kilipoisha wakaendelea na safari.

Loveness alijifungua mtoto wa kike majuma matatu baadaye, salama. Walimpa jina la Leticia. Bibiana hakuhamia Mabawa. Walikubaliana awe anakuja asubuhi, amkande mzazi, amwogeshe mtoto, aondoke kabla ya saa sita. Mpango huo haukuwa wa Anastazia. Bibiana ndiye aliyeuomba, kwa sababu siku mbili za kwanza alipojaribu kushinda pale kutwa, kuta zilimbana, alisogeza vyombo visivyohitaji kusogezwa, mpaka Loveness mwenyewe akamwambia mama nenda katembee kidogo. Wakati wa kuogesha, mwasho ukimwanza, alimkabidhi Anastazia mtoto kimya kimya, akatoka uani, akameza mate, akavuta pumzi. Mara nyingine alifaulu. Mara nyingine hakufaulu, na walioko ndani walimsikia, wakaendelea na kazi.

Alipimwa tena baada ya miezi miwili ya dawa: mia mbili hamsini na moja. Alimwonyesha Ernesti, ambaye alisema angependa baiskeli za watu zitengenezeke upesi hivyo. Siku ya hesabu ya tatu upepo wa kusi ulikuwa unavuma, vumbi limejaa mjini, na alipotoa majibu Asmahani alianza kwa maelezo marefu. Imepanda, mia tatu na arobaini. Alisema hutokea, hali ya hewa inabadilika, dawa zinaweza kurekebishwa. Bibiana alikuwa amekaa nusu kiti. Alisikitika, hilo halikufichika. Alikwisha kujizoesha kufikiri kwamba namba inajua njia moja tu, ya kushuka. Aliuliza usingizini ni ngapi. Asmahani akasema mbili.

Simu ya Bibiana ilikuwa inaita tangu alipoingia. Alikuwa Anastazia, yuko kliniki na mtoto, ni siku ya chanjo za majuma sita, amekaa foleni tangu asubuhi. Loveness ana homa kidogo ya maziwa, amebaki nyumbani. Zamu yao imekaribia, na yeye hawezi kuingia kumshika mtoto anapochomwa sindano, hawezi kuvumilia kilio chake. Bibiana aliweka karatasi mkobani, akachukua tarehe mpya, akaaga akiwa amekwisha kufika mlangoni.

Alimkuta Anastazia nje ya chumba cha sindano, amemkumbatia mtoto kama kuna mtu anayetaka kumnyang'anya. Bibiana alinawa mikono, akavaa barakoa, akampokea, akaingia. Nesi aliuliza kama yeye ndiye bibi. Akasema ndiye. Alikaa kwenye kiti, akaushika mguu mdogo kwa mkono wa kulia kama alivyoelekezwa, akatulia mpaka nesi alipomaliza.